Jeni haina swichi: kinachotokea kwenye kromatini jeni ikinakiliwa

Siku hizi kila mtu ana jeni za kuamsha. Utaona tangazo la vidonge linasema vinafungua jeni zilizolala, mwingine anakwambia oga maji ya baridi alfajiri jeni za ujana ziwake, afu kwenye maoni watu wanabishana mpaka wanatukanana kama ni kweli ama ni utapeli. Kinachonichekesha ni kwamba anayeamini na anayepinga wote wanaongea kana kwamba jeni ni taa ya chumbani, imewaka au imezimwa, basi. Nimeona niandike hii kitu kwa kirefu kidogo maana ndani ya seli hakuna taa, na ile habari ya "kufungua" ambayo wote wanaipigia kelele ni nusu tu ya kazi, tena nusu ambayo si ya hatari sana. Nusu nyingine ni kufunga, na wanaoifanya hiyo kazi hata majina yao watu hawajui.

Tuanze chini kabisa. DNA ni uzi mrefu wenye maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi za kikemikali, na jeni ni kipande cha huo uzi chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Binadamu ana jeni za protini kama 20,000 hivi. Ila jeni haitengenezi protini moja kwa moja, kwanza inatolewa nakala, hiyo nakala inaitwa RNA, na kazi ya kuitoa ndo kunakili jeni, vitabuni utakuta wameandika unukuzi. Mashine inayofanya hiyo kazi inaitwa RNA polimerasi, hapa nitaiita polimerasi tu. Inaushika uzi, inautenganisha kidogo katikati kwa sababu DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, inasoma upande mmoja huku inatoa nakala, inasogea mbele, na nyuma yake nyuzi zinasokotana tena. Fikiria zipu yenye vichwa viwili vinavyotembea pamoja, cha mbele kinafungua na cha nyuma kinafunga.

Mpaka hapo ni mambo ya sekondari. Tatizo ni ile michoro ya sekondari yenyewe, inaonyesha DNA iko uchi, imenyooka vizuri, polimerasi inateleza juu yake kama gari kwenye lami mpya. Huo ndo uongo wa kwanza, na nadhani ndo uliozaa wengine wote.

DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita 2. Kiini cha seli inamokaa kina upana wa mikromita 6 hadi 10, yani ungepanga viini mia moja na zaidi kwenye mstari ndo upate milimita moja. Huwezi kuingiza uzi wa mita 2 humo kwa kuusukumiza tu, lazima ukunjwe kwa utaratibu, na anayeukunja ni protini zinazoitwa histoni. Histoni zina chaji chanya nyingi, DNA ina chaji hasi, kwa hiyo zinapendana kwelikweli. Aina nne, H2A, H2B, H3 na H4, kila moja inaleta mbili, zinakuwa nane zilizoshikamana kama kipipa kidogo, na DNA inakizunguka hicho kipipa karibu mara moja na robo tatu, herufi kama 147 za DNA kwa kipipa kimoja. Hicho kipipa pamoja na DNA yake kinaitwa nyukliosomu. Baada ya hapo kuna kipande kifupi cha uzi, halafu nyukliosomu nyingine, halafu nyingine, takriban kila herufi 200, mpaka ukimaliza seli nzima una nyukliosomu kama milioni 30. Uzi wote na histoni zake na vikorokoro vingine vilivyobandikwa humo ndo kromatini.

Histoni zenyewe sio habari mpya. Albrecht Kossel alizipata mwaka 1884 kwenye chembe nyekundu za damu ya ndege, lakini kwa miongo mingi sana zilichukuliwa kama vitu vya kujazia nafasi tu. Ilibidi ifike 1974 ndo Roger Kornberg akapendekeza huo mpangilio wa nane nane, na 1997 ikatoka picha ya nyukliosomu iliyoonyesha mpaka atomu zimekaa wapi. Picha hiyo ni nzuri lakini ukiiangalia unapata kizunguzungu, maana DNA imebanwa pale, imegusana na histoni sehemu nyingi, unajiuliza sasa polimerasi inapitaje hapo?

Na hilo swali halikuwa la mzaha. Watu maabara walichukua DNA, wakaivika nyukliosomu, wakaiwekea polimerasi safi kwenye kijichupa, polimerasi ikafika kwenye nyukliosomu ikakwama. Wakati huohuo ndani ya seli hai polimerasi hiyohiyo inakimbia herufi kama 2,000 kwa dakika, yani inapita nyukliosomu kumi kila dakika, moja kwa kila sekunde sita hivi, bila kukwama hivyo. Kwa hiyo ndani ya seli kuna mtu anasaidia ambaye kwenye kijichupa hayupo.

Sasa ngoja nilete mfano ambao mimi umenisaidia kuliko ule wa uzi na pipa. Uko ukumbini, viti vimepangwa safu ndefu, watu wamekaa, na kuna mtu anataka kupita katikati ya safu. Hakuna anayebomoa safu nzima ili mtu mmoja apite, na pia hapiti juu ya vichwa. Kinachotokea ni kwamba aliyekaribiwa anainuka nusu, anageuza magoti, jirani anamshikia mkoba uliokuwa mapajani, mpitaji anapita, yule anakaa tena palepale, anarudishiwa mkoba wake, na wa pili tayari ameshaanza kuinuka. Safu nzima unaiona kama haijavunjika. Huyo jirani anayeshika mkoba kwa sekunde mbili ndo tunayemtafuta.

Jina lake la kitaalamu ni shaperoni wa histoni, mimi napenda kusema msindikizaji wa histoni. Neno shaperoni zamani lilikuwa la mtu mzima anayefuatana na vijana wawili ili wasishikane ovyo. Ron Laskey na wenzake ndo walilileta kwenye biolojia mwaka 1978, walikuwa wanachunguza mayai ya chura. Yai la chura linaweka akiba kubwa ya histoni kwa ajili ya seli zitakazogawanyika mbio mbio baadaye, na kuna protini humo waliyoiita nyukliopilasmini. Waliona kwamba ukichanganya histoni na DNA hivihivi unapata bonge la uchafu lililoganda, kila kitu kimeng'ang'aniana, lakini nyukliopilasmini ikiwepo histoni zinatulia na nyukliosomu zinatengenezwa vizuri. Na protini yenyewe haibaki kwenye nyukliosomu, ikimaliza kusindikiza inaondoka. Inazuia wasishikane ovyo, ikishawafikisha inaaga. Jina likakaa, na baadaye likatumika kwa protini nyingine kibao zisizohusiana na histoni kabisa.

Hapa kuna kitu watu wanakosea hata wanaosoma biolojia chuo. Wanadhani msindikizaji anakuja kama winchi, anang'oa histoni kwenye DNA kwa nguvu. Hapana, wasindikizaji hawatumii ATP, yani ile nishati ya seli, kwa kazi hii. Wengi wao wana sehemu zenye chaji hasi nyingi, kwa hiyo histoni ikiachia DNA hata kidogo, msindikizaji anaichukua pale ilipoachia kwa sababu anaonekana kwake kama DNA vile. Kuna kundi lingine la mashine ambazo kweli zinachoma ATP na kusukuma nyukliosomu huku na kule, hizo zinaitwa virekebisha kromatini, ni kitu kingine, zinafanya kazi pamoja na wasindikizaji lakini usizichanganye. Na nguvu nyingine inatoka kwa polimerasi yenyewe inayosukuma kwenda mbele.

Msindikizaji maarufu kuliko wote kwenye kunakili anaitwa FACT. Alipatikana 1998 kwenye maabara ya Danny Reinberg, kwa njia ambayo mimi naiona ya kibabe sana kwa usahili wake: chukua ile polimerasi iliyokwama, mwagia mchanganyiko uliotoka ndani ya seli, ukiona imepita basi kuna kitu humo, gawanya mchanganyiko, jaribu tena, gawanya tena, mpaka ubaki na kile kinachosaidia. Kilichobaki kilikuwa protini mbili zilizoshikana, SPT16 na SSRP1. Polimerasi ikisogea inaichambua DNA kutoka kwenye kipipa kama unavyobandua plasta, na kadiri inavyobanduka ndo upande wa H2A na H2B unabaki wazi. FACT inaingia hapo, inashika sehemu ambayo DNA ilikuwa inashika. Kama nyukliosomu iko nzima imefungwa vizuri FACT haipati pa kushika. Picha zilizotoka 2020 zilionyesha imekaa juu ya histoni kama mtu alivyopanda baiskeli ya tairi moja, inagusa histoni na DNA kwa wakati mmoja, kwa hiyo vipande havitawanyiki.

H2A na H2B ndo zinazotoka kirahisi, ndo ule mkoba. H3 na H4 zinapenda kubaki, ndo mwenye kiti. Kwenye jeni zinazonakiliwa kwa kiasi cha kawaida, mara nyingi jozi moja ya H2A na H2B inaachia au inabadilishwa, na fungu la H3 na H4 la katikati linapona, linahamishwa kutoka mbele ya polimerasi kwenda nyuma yake kwenye DNA ileile. Kwa upande wa H3 na H4 kuna msindikizaji mwingine, SPT6, huyu amejishikiza kwenye polimerasi yenyewe anasafiri nayo njia nzima. Na kuna ASF1, yeye anashika H3 na H4 zikiwa jozi na kuzipeleka kwa wenzake. Ni msururu, sio mtu mmoja.

Lakini kwa nini kujisumbua hivyo? Si DNA ingeachwa wazi tu, polimerasi inayofuata ipite vizuri?

Hapa ndo pananifanya niseme kufunga ni kazi kubwa kuliko kufungua. Mwaka 2003 maabara ya Fred Winston ilionyesha kitu kwenye hamira, ile ya maandazi, ambayo ni kiumbe hai cha seli moja. Walichukua hamira ambazo SPT6 yake, au SPT16 ambayo ni nusu ya FACT, imeharibika. Ungetegemea kunakili kufe, si msaidizi hayupo? Kumbe hamira zikaanza kunakili mahali ambapo si mwanzo wa jeni, zinaanzia katikati. Kwa sababu polimerasi ilipopita, nyukliosomu hazikurudishwa vizuri, DNA ikabaki wazi, na ndani ya jeni kuna vipande vinavyofanana kwa bahati tu na alama za "anzia hapa". Siku zote vimefunikwa na nyukliosomu kwa hiyo hakuna anayeviona. Vikifunuliwa, polimerasi nyingine inakuja kuanza kunakili palepale katikati, kama kusoma barua ukianzia ukurasa wa tatu. Rudi ukumbini: watu wameinuka, mpitaji amepita, hawakukaa tena, viti viko wazi, basi wageni wasio na tiketi wanajikalia popote.

Kwa hiyo histoni sio vizuizi tu kama watu wengi wanavyozieleza, ni kifuniko kinachoiambia mashine wapi si pa kuanzia. Na FACT ambayo jina lake zima maana yake ni kurahisisha kunakili kwenye kromatini, kazi yake kubwa ndani ya seli hai inawezekana kabisa ni kulinda kromatini isiharibike wakati wa kunakili. Mimi jina lile naona limepotosha watu, lakini ndo limeshakaa.

Kuna sababu ya pili ya kurudisha histoni zilezile badala ya kuleta mpya kila mara. Histoni zina mikia inayotoka nje ya kipipa, na kwenye mikia hiyo seli inabandika alama ndogo ndogo za kikemikali. Nyingine zinalegeza kromatini, nyingine zinaibana, nyingine ni kama maandishi ya penseli pembeni ya ukurasa. Wakisema epijenetiki, sehemu kubwa ya wanachoongelea ni hizo alama. Sasa ukitupa histoni umetupa na alama zake. Ukirudisha ileile, alama inabaki mahali pake. Kwenye hamira kuna hata mpango wa ziada, kimeng'enya kinachoitwa Set2 kimeshikilia mkia wa polimerasi, kila inapopita kinabandika alama kwenye H3, na alama hiyo inaita kundi la kusafisha ambalo linaondoa alama za kulegeza. Yani polimerasi inatembea na watu wanaofunga mlango nyuma yake, wakishafunga wanaweka na karatasi "usiingilie hapa".

Mfano wa ukumbi una mwisho wake lakini, nisiufanye mtakatifu. Polimerasi zikiwa nyingi, zinafuatana moja nyuma ya nyingine, hakuna muda wa kukaa. Hapo nyukliosomu nzima zinaweza kutoka. Mfano unaojulikana sana ni nzi wa matunda, ukimpasha joto jeni yake ya Hsp70 inaanza kunakiliwa kwa fujo, na ndani ya sekunde kama 30 nyukliosomu zimeshalegea au kutoka kwenye jeni, tena zinatoka kwa kasi kuliko polimerasi inavyotembea, kwa maana kuna kitu kinazifungua mbele yake kabla haijafika. Safu nzima imesimama kabla mpitaji hajaingia mlangoni.

Histoni zikipotea namna hiyo lazima nyingine ziletwe, na hapa seli ina ujanja. Histoni za kawaida zinatengenezwa kwa wingi wakati seli inanakili DNA yake yote ili igawanyike, nje ya hapo ni chache. Na si kwamba zingewekwa akiba tu, histoni zilizozagaa bila msindikizaji ni sumu kwa seli, zinanata kwa kila kitu chenye chaji hasi. Kwa hiyo kuna toleo la H3 linaloitwa H3.3 ambalo linatengenezwa muda wote, tofauti yake na H3.1, ambayo ni H3 ya kawaida, ni amino asidi 5 tu, yani vile vipande vinavyounganishwa kutengeneza protini. Tano! Na hizo tano zinatosha kumfanya msindikizaji anayeitwa HIRA aitambue na kuipeleka kwenye jeni zinazonakiliwa, wakati H3.1 inapelekwa na mwingine anaitwa CAF-1 pale DNA inapojinakili yenyewe. DAXX naye anaishika hiyohiyo H3.3 ila anaipeleka kwingine, kwa mfano kwenye ncha za kromosomu. Ukiangalia kromatini ukaona H3.3 imejaa sehemu fulani, mara nyingi unajua hapo kuna kazi ilifanyika. Ni kama kiraka kwenye suruali, kinakwambia wapi palichakaa.

Kama unataka kujua ukubwa wa hii kazi chukua jeni ya distrofini, ile inayohusika na misuli. Ina urefu wa herufi zaidi ya milioni 2, ndo moja ya jeni ndefu kabisa tulizonazo, na polimerasi inachukua kama saa 16 kuimaliza. Piga hesabu, ni nyukliosomu kama elfu kumi na kitu, kila moja ifunguliwe na irudishwe, na hiyo ni nakala moja tu.

Sasa turudi kwa wauza vidonge. Mtu anaposema kidonge kinafungua jeni, ujue kwamba jeni ambayo inanakiliwa vizuri inafungwa muda uleule inapofunguliwa, na ikibaki wazi sio afya, ni hamira ya Winston inayosoma barua kuanzia katikati. Pia wasindikizaji hawachagui jeni ipi inakiliwe. Hiyo ni kazi ya protini nyingine zinazokaa mwanzo wa jeni, wasindikizaji wanahudumia yeyote atakayepita. Kwa hiyo hata ungewaongeza au kuwapunguza usingepata "jeni ya ujana" peke yake, ungegusa maelfu ya jeni kwa mpigo. Na hakuna herufi ya DNA inayobadilika katika haya yote, hilo nalo watu wanachanganya, kuhamisha kifuniko sio kubadilisha maandishi.

Ila kuna mahali haya mambo yanagusa hospitali kweli. Mabadiliko kwenye DAXX na mwenzake ATRX yanapatikana kwenye aina moja ya uvimbe wa kongosho, na H3.3 yenyewe ikibadilika amino asidi moja tu kwenye mkia wake inaonekana kwenye saratani mbaya za ubongo kwa watoto, hii ilijulikana 2012. FACT nayo iko nyingi kwenye seli za saratani nyingi, wakati seli nyingi za mtu mzima zilizokwisha komaa zina FACT kidogo tu. Hiyo tofauti ndo imewavutia watafiti kwenye kundi la kemikali zinazoitwa kuraksini. Kemikali hizo zinajipenyeza kwenye DNA, zinalegeza nyukliosomu, na FACT ikiona nyukliosomu zimelegea kila kona inakimbilia huko na kunasa, haipatikani tena kule inakohitajika. Moja yake, CBL0137, imefikishwa mpaka kwenye majaribio kwa wagonjwa. Na kinachotafutwa pale sio kuamsha jeni yoyote, ni seli ya saratani ife.